Kanda za safari ya Jumapili

Habari za jioni ndugu zangu. Jumapili tunaondoka Mwenge saa 1 asubuhi kwenda Bagamoyo, na safari hii kila gari letu la zamani lije na kanda yake ya muziki. Simu na vispika tuviache nyumbani. Peugeot 504 inataka kanda, tena yenye mkwaruzo kidogo.

Mimi nakuja na Morogoro Jazz. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa bendi hiyo, alifariki 1979, lakini gitaa lake likianza tukiwa Bunju, vioo vyote chini, namwona kabisa marehemu baba akigonga usukani kwa kidole. Wapenzi wa bendi za OK Jazz na Mlimani Park nawajua, tutabadilishana tukifika. Na wapenzi wa taarab leteni zenu, mara iliyopita mlinyamaza mno.

Kanda msiziache kwenye dashibodi juani, zinapinda. Kalamu ya Bic iwepo, ya kurudishia utepe. Wenye Volkswagen za volti 6, tafadhali msiunge redio ya volti 12 moja kwa moja. Niambieni mapema nimtafute fundi.

Andikeni hapa mnaleta kanda gani, hata kama ni moja tu.