Msimulizi asiye na shahada

Mhariri,

Katika makala yenu ya juma lililopita kuhusu wasimulizi wa historia kwenye televisheni, Basil Davidson alipewa nusu sentensi: mwandishi wa habari aliyevamia fani ya watu. Naomba nafasi nimtetee.

Ni kweli Mwingereza huyo aliacha shule akiwa na miaka 16, na shahada hakuwa nayo. Lakini aliyoyaandika aliyafuata kwa miguu. Agosti 1943 alishuka kwa mwavuli Yugoslavia kujiunga na wapiganaji wa msituni. Mwaka 1968, mtu mzima wa miaka 53, akaingia Msumbiji vitani na FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa nchi hiyo, kuhudhuria mkutano wao mkuu wa pili.

Mimi nimefundisha historia huku Lindi miaka 31. Kitabu chake cha historia ya Afrika Mashariki na ya Kati, alichokiandika pamoja na J. E. F. Mhina kwa ushauri wa mwanahistoria wa Kenya, Bethwell Ogot, tulikuwa nacho nakala sita kwa darasa la watoto arobaini. Yangu niliishona kwa uzi wa gunia. Kurasa za Kilwa zilikuwa nyeusi kwa alama za vidole, maana watoto wa huko walizigombea. Magofu wameyaona tangu wadogo, wamechunga mbuzi mle ndani, na wakubwa wamewaambia ni ya wageni, basi. Kumbe tangu 1959, Tanganyika ingali chini ya Mwingereza, Davidson alikwisha kuandika kwamba miji ile ya pwani haikuwa makoloni ya Waarabu. Zimbabwe Kuu, ule mji wa kale wa mawe, nao aliupigania vivyo hivyo, huku walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) wakiwapa sifa Wafoinike, mabaharia wa kale wa Mashariki ya Kati.

Mfululizo wake wa 1984 kuhusu Afrika, sehemu nane, niliutazama miaka mingi baadaye kwenye kanda iliyochoka, picha zikirukaruka. Mzee mwenye mvi anaongea bila haraka, kama yuko barazani na wewe unamsikiliza kahawa mkononi.

Sisemi hakuwa na kasoro. Wafalme aliwapenda kuliko wavuvi, na vyama vya ukombozi aliviamini mno. Kitabu chake cha 1992 kuhusu dola tulizorithi kwa mkoloni kina uchungu wa mtu aliyevunjwa moyo.

Sasa huyo mwenye shahada. Juzi usiku kituo kimoja kilionyesha filamu ya Kilwa Kisiwani, msimulizi ametambulishwa kwa vyeo vyake vyote. Akawa anaisifu Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14, na picha inaonyesha Gereza! Gereza ni ngome ya Waomani, imekuja kama karne tano baadaye, na iko palepale mashua zinaposhusha watu. Husuni iko mbele zaidi, juu ya jabali linalotazama bahari. Hakufika. Alishuka, akapiga picha ya jengo la kwanza aliloliona, akarudi na mashua ileile.

Mwalimu mstaafu,
Lindi