Kasisi aachwe aandike gazetini

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji anayetaka makasisi waachane na magazeti, wabaki na mimbari zao. Mimi ni mzee wa kanisa, Mwanglikana tangu kuzaliwa, na hilo siwezi kulinyamazia. Namkumbuka kasisi Mwanglikana, Sidney Godolphin Osborne.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1808, mtoto wa ukoo wa kikabaila, akasoma Oxford, na mwaka 1841 akapewa kanisa la Durweston, kijiji kilichoko jimbo la Dorset. Angeweza kabisa kustarehe na mabwanyenye wenzake na kuwahubiria maskini utii. Dorset ndiko walikohukumiwa vibarua 6 wa kijiji cha Tolpuddle mwaka 1834, wakasafirishwa hadi Australia kwa sababu waliapishana katika chama chao cha wafanyakazi. Kibarua wa shamba huko alilipwa shilingi 7 au 8 kwa wiki, na humo humo alishe mke na watoto.

Osborne aliingia katika vibanda vyao. Alikuta wazazi, mabinti waliokwisha vunja ungo na kaka zao wamesongamana chumba kimoja cha kulala. Akaandika. Kuanzia 1844 barua zake zilitoka katika gazeti la The Times la London, zikiwa na saini ya herufi tatu tu, S.G.O., na aliendelea hadi 1888. Miaka zaidi ya 40! Mwaka 1859 kaka yake alirithi cheo cha Duke wa Leeds, naye Sidney akaanza kuitwa Lord. Saini ikabaki ile ile.

Wala hakuandika kwa kusikia. Njaa ilipoiangamiza Ireland alikwenda kujionea, na mwaka 1850 akatoa kitabu. Wakati wa vita vya Crimea alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, kwenye hospitali za askari wa Uingereza alikohudumu muuguzi Florence Nightingale. Akawasaidia majeruhi, kisha mwaka 1855 akachapisha aliyoyaona wodini. Serikali ilimshukuru bungeni.

Msomaji mwenzangu anasema mimbari inatosha. Ndugu yangu, waliokaa mbele ya mimbari ya Durweston walikuwemo vibarua wenyewe. Hao hawakuhitaji kuambiwa kwamba chumba ni kimoja na mshahara hautoshi. Waliohitaji kuambiwa ni wenye mashamba na wabunge, na hao wengi hawakusali Durweston. Walisoma gazeti. Osborne aliwafuata huko huko waliko, kwa majina ya vijiji na kwa hesabu ya mshahara, na wengi walimchukia kwa hilo.

Huku kwetu Tanga wapo makasisi wanaozika na kubatiza katika kambi za vibarua wa mkonge. Wanajua nani analala wapi na analipwa nini. Naomba, Mhariri, mmoja wao akikuletea barua uichapishe, na asiambiwe kwamba ameingia siasa.

Mzee wa kanisa,
Muheza, Tanga