Malalamiko kuhusu injini mliyotuuzia kama L28

Mafundi wa gereji,
Changamwe, Mombasa

Kwa Meneja wa Mauzo,
Nairobi

Bwana/Bibi,

KUH: INJINI YA DATSUN 240Z – MLIANDIKA L28, MMELETA L26

Ankara yenu inasema: “Injini L28, cc 2753, pistoni bapa, hedi N42, oveholi kamili, tayari kufungwa.” (Hedi ni kile kifuniko cha juu cha silinda chenye vali, na N42 ni namba ya aina yake.) Tumeipima. Ni cc 2565, yaani ni L26, na hiyo oveholi ina makosa ambayo yangeiua injini kabla ya kumaliza tangi la kwanza la petroli.

Jibu lenu tunalijua, maana fundi wenu ameshalitoa kwa simu: “Ingizeni kijiti kwenye tundu la plagi, mtaona pistoni inatembea milimita 79. L28 ni 79.” Ni kweli inatembea 79. Ila L26 nayo ni 79, na hapo ndipo mnunuzi anapopotea. L24 iliyotoka kiwandani na 240Z ina silinda za milimita 83 na mwendo wa pistoni wa 73.7, jumla cc 2393. L26 ya 260Z ilibaki na silinda zilezile za 83, ikaongezwa mwendo hadi 79. L28 ya 280Z ina mwendo huohuo wa 79, lakini silinda zimepanuliwa hadi 86. Kwa hiyo kijiti kinatenganisha L24 na hizo mbili, basi. Kutenganisha L26 na L28 lazima upime upana wa silinda, na kijiti hakipimi upana.

Hatukukimbilia kutoa hedi. Tuliifunga kwenye stendi, tukailaza mpaka tundu la plagi ya silinda ya kwanza likaelekea juu kabisa, hewa isibaki imenaswa ndani. Tulitoa roka, yaani vile vikono vinavyosukuma vali, ili vali zote mbili zibaki zimefunga muda wote; kisha, pistoni ikiwa juu, tulijaza oili nyepesi kwa bomba la sindano lenye vipimo mpaka ikafika mdomo wa tundu. Tukashusha pistoni hadi chini, tukajaza tena mpaka palepale. Oili iliyoongezeka ndiyo ukubwa wa silinda; haijalishi pistoni ni bapa au ina bakuli, wala hedi ni ya namba gani. Tulirudia mara tatu: cc 428, 426, 427. Silinda ya sita ikatoa 427. L28 ingetoa 459. Tofauti ya cc 32 kwa silinda moja haiwezi kuwa kosa la mkono. Hiyo ni zaidi ya vijiko sita vya chai.

Tuliwatumia matokeo hayo pamoja na video. Baada ya siku tano mkajibu kwamba “vipimo vya gereji si rasmi.” Ndipo tukatoa hedi. Maikromita ya ndani ilisoma 83.02 juu, 83.01 katikati na 83.01 chini, silinda zote sita. Gasketi mliyoweka ni ya L28: tundu lake linazidi mdomo wa silinda kwa zaidi ya milimita 1.5 kuzunguka pande zote, kama sahani kubwa juu ya kikombe kidogo. Aliyeipanga aliiona hiyo pengo kwa macho yake kabla ya kushusha hedi. Hakuna namna ya kutoiona.

Na ile sehemu bapa ya bloku chini kidogo ya hedi, upande wa plagi, panapogongwa namba ya injini inayoanza na L24, L26 au L28? Imepigwa tupa. Rangi ya buluu imepakwa nene juu yake, lakini ukimulika tochi kwa ubavu unaona mikwaruzo ya tupa ikienda upande mmoja, na mkia wa tarakimu ya mwisho bado upo. Hatumshutumu mtu. Tunaomba tu mtueleze kwa maandishi ni nani aliyepiga tupa hapo na kwa sababu gani.

Sasa tuje kwenye hedi. Ni N42 kweli, na vali zake ni 44 na 35 kama inavyotakiwa. Tatizo ni kimo. Hedi hii ikiwa nzima ina milimita 108. Yenu ina 106.6. Mmechonga 1.4, wakati kitabu cha matengenezo cha kiwanda hakiruhusu kuzidi 0.2 kwa hedi na bloku kwa pamoja. Tulipima chemba, yaani nafasi ya kuchomea mafuta ndani ya hedi, ikatoa cc 38 badala ya karibu 44.6. Tukapiga hesabu tukaelewa kwa nini ilichongwa hivyo: N42 nzima juu ya silinda za 83 ingetoa mgandamizo (kiasi ambacho pistoni inabana hewa na mafuta) wa karibu 9.3 kwa 1, na mteja aliyeahidiwa pistoni bapa za L28 anategemea karibu 10. Baada ya kuchonga, unafika 10.5. Yaani geji ya kompresheni ingesoma vizuri sana, mteja afurahi, asijue kamwe kuwa cc 188 hazipo. Geji hiyo haipimi ukubwa wa injini. Na 10.5 kwa joto la Mombasa, na petroli ya pampu za kawaida, ni kukaribisha injini igonge kila ukikanyaga mafuta mlimani.

Kuchonga hedi si dhambi. Mafundi wengi huichonga kwa makusudi, lakini ukitoa 1.4 chini lazima uirudishe juu: unaweka shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma, za unene uleule chini ya vile vitako vitano vinavyobeba kamshafti (shafti inayofungua vali), ili kamshafti irudi kwenye umbali wake kutoka krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Ninyi hamkuweka hata moja. Matokeo ni mawili. Taimingi ya kamshafti imechelewa kwa karibu nyuzi 3 za krenki. Hilo lingerekebishika, kwa sababu gia ya kamshafti ina matundu matatu, na kuhama tundu moja hadi jingine ni nyuzi 4. Lakini matundu hayo hayaondoi ulegevu wa cheni. Ulegevu wote umeiangukia tensiona, kifaa kinachokaza cheni, na tulipofungua kava ya mbele tuliikuta pini yake imetoka nje kiasi cha kutisha. Ikitoka kabisa, cheni inapigapiga, presha ya oili inashuka, na injini mpya inaanza kusikika kama cherehani bovu.

Kamshafti nayo. Kwenye injini hizi kuna aina mbili: iliyotobolewa, ambayo hupitisha oili ndani yake na kuitoa kwenye kila nundu inayosukuma vali, na isiyotobolewa, ambayo inategemea bomba la kunyunyizia lililofungwa juu ya vitako. Mmeweka isiyotobolewa, na bomba hamkuweka. Halafu karatasi yenu ya waranti inamwagiza mteja awashe injini na kuishikilia kwenye mizunguko 2000 kwa dakika 20 bila kuiacha ishuke! Ushauri wenyewe ni sahihi kwa kamshafti mpya. Kwa kamshafti isiyopata oili, hizo dakika 20 zinatosha kukwangua nundu na nyuso za roka, na vumbi la chuma lianze safari ya kwenda kwenye beringi. Tunashukuru hatukuitii.

La klachi tutalitaja kwa ufupi: mmeleta flaiwili na klachi ya milimita 240 pamoja na kola ya klachi (pete inayobeba beringi ya kuachia klachi) ya 225. Urefu wa kola hizo haulingani. Giaboksi ingefungwa, pedali ingekanyagwa, na klachi isingeachia.

Mmependekeza kwamba tuchonge silinda hizi hadi 86 na ninyi mtaleta pistoni za L28 bure. Hapana. Pistoni za saizi kubwa zaidi kwa kawaida huja kwa hatua ya nusu milimita na milimita moja. Ninyi mnasema tatu kwa mkupuo, 1.5 kila upande wa ukuta. Bloku hizi zilimiminwa kwa mchanga, na kiini kikiwa kimesogea kidogo wakati wa kumimina, upande mmoja wa ukuta huwa mnene na wa pili mwembamba. Bila kupima unene kwa altrasaundi, sehemu nne kila silinda, hakuna fundi mwenye akili atakayeingiza kisu cha kuchongea humo. Ukuta ukikonda upande wa maji, utapinda kwa joto, ringi zitashindwa kushika, na injini itakula oili tangu siku ya kwanza. Kisha hakuna kurudi nyuma.

Msituelewe vibaya kuhusu L26. Ni injini nzuri. Isitoshe, hata 2.4 ilishatosha huku kwetu: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari za 1971 kwa 240Z, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda za 1973 kwa gari la aina hiyohiyo. Hakuna anayelia kwamba 2.6 haitembei. Mteja alichagua L28 kwa sababu ndiyo njia safi ya kuongeza nguvu kwenye 240Z: inakaa kwenye mauntini zilezile, inapokea giaboksi ileile, kabureta zake mbili zinarudi baada ya kubadilishwa sindano tu, na hukati hata kipande kimoja cha bodi ya gari la 1972. Aliilipia bei ya L28, shilingi 420,000. Mngemwambia ni L26, angeamua mwenyewe kama aichukue na kwa bei gani. Mmemuuzia mbuzi ndani ya gunia, nasi ikabidi tumpapase mbuzi huyo kupitia tundu la plagi.

Kuhusu waranti, mnasema imekufa kwa sababu injini imefunguliwa. Ugunduzi wa cc 427 ulifanyika hedi ikiwa bado imefungwa kwenye bloku, na mliupokea siku tano kabla hatujagusa bolti ya hedi. Tena hili si suala la waranti. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake. Maelezo ni yenu, yamo kwenye ankara yenu.

Tunachotaka ni hiki. Mlete bloku ya L28 ambayo silinda zake zitapimwa 86 mbele yetu kabla lori halijaondoka, namba yake ikiwa haijaguswa. Hedi N42 ya kimo kisichopungua 107.8, au hii yetu ikiwa na shimu za milimita 1.4 na chemba zilizopanuliwa kurudi karibu cc 44. Kamshafti iliyotobolewa, au hiyohiyo pamoja na bomba lake. Na kola ya klachi ya 240. Gharama za usafiri wa kwenda na kurudi ni zenu, pamoja na shilingi 18,500 tulizolipa mara ya kwanza. Kama hamna bloku hiyo, rudisheni shilingi 438,500 na mje mchukue injini yenu. Iko kwenye stendi, imefunikwa, na kila bolti imo kwenye mfuko wenye jina lake.

Tunawapa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Baada ya hapo mteja atapeleka ankara, video ya kipimo cha oili na picha za ile sehemu iliyopigwa tupa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Nakala za vyote hivyo tumeziambatisha hapa. Mkitaka kuja kupima wenyewe, njooni siku yoyote ya kazi kabla ya saa kumi, na mje na maikromita yenu.

Wenu,

Mafundi wa gereji,
kwa niaba ya mwenye gari