Namba 28 ya Malindi si 28 ya baiskeli yako

Mhariri,

Upepo wa kusi ukishashika, Malindi huanza kuona waendesha baiskeli wawili wawili wakiingia na mifuko mbele na nyuma. Wametokea Malaba, wamekata nchi mpaka Nairobi, wakateremka Mombasa, na huku kwetu ndiko wanakotaka kumalizia. Ni kama kilomita elfu moja. Cha ajabu ni kwamba baiskeli iliyopanda Timboroa na kuvumilia malori ya Mtito Andei huja kufia Matsangoni, zikiwa zimebaki kilomita thelathini na kitu.

Sisi mafundi hatushangai. Msafiri akiiona Mombasa hujihesabu amefika, na vipuri navyo vimekwisha: tyubu ya akiba ilitumika Voi, solisheni, gundi ya viraka, imekauka, cheni imevutika, na hakuna anayetaka kutoa pesa tena kwa ajili ya kilomita 120. Tunaandika kwa ajili ya wale wanaojiandaa sasa, wangali na nafasi ya kununua.

Shida inayotupa kazi zaidi ni tairi, na chanzo chake ni namba. Baiskeli nyingi za safari ndefu zimeandikwa 700C au 28. Mwenyewe tairi likimpasukia, huingia dukani akaomba "la 28", na muuzaji, bila kosa lolote, humpa 28 × 1½, tairi la Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo. Linaingia kwenye rimu kwa urahisi wa kutilia shaka, bila hata kijiko cha kubandulia tairi. Ukianza kupiga pampu linapanda upande mmoja, linaruka nje ya rimu, na tyubu inalipuka kama fataki. Tazama maandishi madogo ubavuni mwa tairi, yale ambayo hakuna anayeyasoma. La Black Mamba lina 40-635. Lako lina 40-622, au 37-622, au 47-622. Tarakimu tatu za mwisho ni kipenyo, kwa milimita, cha pale tairi linapokalia rimu. Tofauti ni milimita 13, na hakuna ufundi wa kuziondoa. Majina yote ni 28, lakini ni watu wawili tofauti.

Dawa ipo, na wengi hawaijui: tairi la baiskeli ya mlima lililoandikwa 29 nalo ni 622. Kwa hiyo ukikosa la 700C, ulizia la 29. Kabla ya kulipa, pima nafasi ndani ya foku, uma unaoshika gurudumu la mbele, na chini ya madigadi, kwa sababu la inchi 2.1 lina upana wa karibu milimita 53 na linaweza kusugua. Madigadi unaweza kuyafungua ukayafunga juu ya keria. Foku huwezi kuipanua. Mwenye baiskeli ya 26 ya kawaida, yaani 559, ana raha zake. Matairi yake yanapatikana mpaka kwenye maduka yanayouza misumari na mafuta ya taa.

Tyubu haina ugomvi mkubwa. Ya 28 × 1½ huingia kwenye rimu ya 622 na ikakufikisha. Ugomvi uko kwenye valvu. Rimu iliyotobolewa kwa valvu nyembamba ina tundu la milimita 6 na nusu hivi. Valvu nene, ile inayofanana na ya gari, inataka milimita 8 na nusu. Fundi anaweza kulipanua tundu kwa tupa ya mviringo ikiwa rimu ni pana, lakini akiacha makali pembeni, yatakata shina la valvu baada ya siku mbili. Rimu nyembamba usimruhusu aiguse. Tena, pampu za vituo vya mafuta hazishiki valvu nyembamba. Kuna kijishaba cha kuunganisha, ukubwa wa ncha ya kidole. Nunua viwili, kimoja kikae kwenye valvu yenyewe na cha pili kwa mwenzako.

Pancha za njia hii zina tabia yake. Miiba ya mgunga mtu huiona. Asichokiona ni nyaya nyembamba kama unywele zinazobaki tairi la lori likipasuka, zimetapakaa kwenye ukingo wa lami, pale pale baiskeli inapopita. Uzi mmoja hujichomeka, pancha inazibwa, na baada ya kilomita mbili upepo umetoka tena kwenye tundu lile lile. Usilaumu kiraka. Geuza tairi ndani nje, pitisha kitambaa chepesi cha pamba polepole; kitakapokwama, hapo ndipo uzi ulipo. Uvute kwa koleo kutoka upande wa nje. Ukitumia kidole badala ya kitambaa, kitachomwa, na wewe ndiwe utakayekuwa na pancha.

Halafu jasho. Pwani jua la saa sita linakausha solisheni juu na kuiacha mbichi chini, na tone moja la jasho kutoka kwenye paji la uso likidondoka juu yake, kiraka hakishiki. Kwaruza kwa msasa mpaka mng'ao wa mpira uishe, paka solisheni nyembamba, pana kuliko kiraka, ngoja dakika tano kivulini mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na ukandamize kuanzia katikati kwenda kando. Chukua tyubu mbili ndogo za solisheni, maana ikishafunguliwa haidumu kwenye joto. Ubavu wa tairi ukichanika, weka ndani kipande cha pakiti ya maziwa kilichokunjwa mara nne. Plastiki ya chupa ya soda ina kingo kali, inachana tyubu.

Cheni ipimeni Mombasa kwa rula ya shule. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya itaangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa milimita moja na nusu, imechakaa, ibadilishe. Ikizidi kwa milimita tatu, meno ya gia za nyuma nayo yameliwa, na hapa tunakuwa na maoni tofauti na ya watu wengi: usiibadilishe! Cheni mpya juu ya meno yaliyoliwa itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu, na kilima kidogo cha Takaungu kitakuwa kama Timboroa. Malizia na ile kuukuu, ubadilishe vyote pamoja ukifika. Mafuta tia usiku, asubuhi pangusa yote yaliyo juu. Mafuta yaliyotumika ya injini, ambayo watu hupewa bure, yananasa mchanga na kuugeuza msasa.

Spoku hukatika gurudumu la nyuma, upande wa gia, kwenye kona karibu na habu, kitovu cha gurudumu, kwa sababu mzigo wote uko nyuma. Beba nne za urefu ule ule wa spoku zako, uzifunge kwa utepe kwenye fremu, na spana ya kufungulia gia, kwa kuwa bila kutoa gia spoku haiingii. Hamisha kilo tano za mzigo kwenda mbele tangu mwanzo na huenda usizihitaji.

Sasa upepo. Malindi iko kaskazini mwa Mombasa, ukielekea mashariki kidogo. Kuanzia Mei hadi Septemba hivi kusi linakusukuma mgongoni, na siku moja inatosha. Watu wenye likizo, hata hivyo, huja Desemba, na Desemba ni kaskazi, uso kwa uso. Baiskeli yenye mzigo inayokwenda kilomita 15 kwa saa hushuka mpaka 10 au 11. Piga hesabu: kilomita 120 ni saa 11 au 12 za kukanyaga tupu, na jua letu linazama saa kumi na mbili na robo jioni. Laleni Kilifi, katikati kabisa. Ondokeni saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati umande, ule upepo wa alfajiri, unavuma kutoka bara na kaskazi haijaamka. Kufikia saa tano muwe mmepita Gede. Au anzieni Malindi mkamalizie Mombasa, picha za baharini ni zile zile.

Wasiotaka msongamano wa Mombasa na Mtwapa wana njia nyingine. Ukifika Mariakani kata kushoto, pitia Kaloleni, utokee Mavueni karibu na daraja la Kilifi. Ni lami, ina vilima, na malori ni machache. Njia ya kutoka Voi kupitia Tsavo Mashariki hadi lango la Sala inavutia kwenye ramani, lakini mle kuna simba na ndovu na hakuna ruhusa ya kujipitia na baiskeli, tofauti na hifadhi ya Hell's Gate inakoruhusiwa.

Kuhusu kwenda wawili, tuna machache. Mwenye pampu na spana akae nyuma. Akitangulia yeye, mwenzake akipata pancha atabaki amesimama na tyubu mkononi huku vifaa vikizidi kuyoyoma kuelekea Watamu. Mwendo upangwe na aliye mzito wa mwendo, naye ndiye atangulie, ila kaskazi ikipiga mbadilishane kila dakika kumi, aliye nyuma akijificha karibu, umbali wa gurudumu moja, kidogo pembeni, asiufuatie mstari ule ule. Barabarani mmoja nyuma ya mwingine, kamwe si sambamba: ukingo wa lami sehemu nyingi umekatika na kushuka kama ngazi, na matatu ikipiga honi mtu wa ndani hana pa kwenda. Mkubaliane pa kungojana kwa jina: daraja la Mtwapa, daraja la Kilifi, njia panda ya Gede. Hapo Gede msiache ndizi kwenye keria. Nyani wanajua zipu.

Mkifika, kabla ya kuzama baharini, osheni baiskeli kwa maji matamu ya ndoo, bila kupiga maji ya kasi kwenye beringi. Chomoeni nguzo ya siti, ipakeni grisi, irudisheni. Ya alumini ndani ya fremu ya chuma ikikaa na chumvi miezi michache hushikana, na hapo hata sisi hukimbilia msumeno. Kwa kupakia kwenye basi au ndege, pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuizungusha mwendo wa saa, kinyume na skrubu nyingine. Wengi huikaza kwa nguvu zote wakidhani wanaifungua. Kipande cha mti kiwekwe kati ya ncha za foku zisije zikaminywa.

Wanaotaka kusonga hadi Lamu waulize polisi kwanza hali ya njia ya Garsen na Witu, na wasiende usiku. Baiskeli inaishia Mokowe. Kwenye boti ilazwe upande wa gia ukiwa juu, na ng'ambo ijiandae kusukumwa, kwa kuwa vichochoro vya mji vina punda na havina haraka.

Ombi letu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mkichapisha tena habari za safari hizi, andikeni 622 na 635 mahali panapoonekana. Na wenzetu wenye maduka Malindi na Kilifi: matairi mawili ya 622 na tyubu nne za valvu nyembamba zinatundikika kwenye msumari mmoja, na wateja wake hufika wakiwa hawana nguvu ya kuteta bei.

Mafundi wa baiskeli,
Malindi