Mwanangu, ile bili alilipa nani?

Manka mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako ya asubuhi niliiona ila sikujibu, maana kabla sijaifungua nilikuwa nimeshaona ile picha uliyoweka status, nikakaa nayo mpaka ng'ombe wakaanza kulia njaa. Ningepiga ila tukiongea kwenye simu unanikatisha unasema mama nimekuelewa, na mimi naanza kufoka, bas nikaona niandike. Wadada sita, mizinga miwili ya pombe kali mezani, ndoo ya barafu, na pembeni mkono wa mwanaume mwenye saa, sura yake umeikata. Sijakasirika kwa ajili ya pombe. Nauliza kitu kimoja tu, ile bili alilipa nani?

We ndo unasoma uhasibu, ukoo mzima hatujawahi kupata mtu wa mahesabu, baba yako mdogo anakutangaza mpaka msibani, kwa hiyo nifanyie hii hesabu. Bodi ya mikopo inakupa elfu kumi kwa siku, kula na kulala, na hiyo yenyewe ni deni, ukipata ajira watakukata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka liishe. Mzinga mmoja kwenye viwanja vyenu huko nasikia unavuka laki. Ndo siku kumi zako za kula. Miwili ni siku ishirini. Kama ulichanga, ulichanga na hela ipi, na kama hukuchanga ndo narudi palepale, alilipa nani.

Usiniambie ilikuwa bure. Najua kuna siku wadada mnaingia bure na kinywaji cha kwanza mnapewa. Mimi nimeuza mbege miaka kumi na moja, ndizi nanunua, ulezi nanunua, kuni nanunua, hata gome la msesewe namlipa mtu akanibandulie, sijawahi kumpa mtu kata ya bure kwa huruma. Siku za soko wadada nilikuwa nawapa ya kuonja kwa sababu wakishakaa wao wanaume hawaondoki, na mwanaume akiangaliwa anaagiza kata ya tatu ambayo hakuipanga. Hela yako ya bweni na ya sare imetoka humo. Sikuwahi kukwambia na we hukuwahi kuuliza.

Na kwenye daftari langu la madeni wanaume walikuwa na majina yao, wanawake hawakuwa na jina. Naandika kata mbili za yule dada, chini ya jina la mzee fulani, kahawa ikiuzwa yeye ndo analipa, mimi hela yangu nimepata nafunga ukurasa. Kuna binti mmoja wa kule juu, umri wake kama wako sasa hivi, mpole, anajua kucheka, alikuwa na kurasa tatu chini ya jina la mtu mmoja. Siku yule mtu alipokuja kumdai alimdai hapo njiani, usiku, nikawasikia. Nikazima taa. Asubuhi binti akapita akanisalimia, nikaitikia, na wiki iliyofuata nikapika mbege kama kawaida. Hilo tuliache.

Viroba vya pombe vilipopigwa marufuku, 1 Machi 2017, ulikuwa la saba, utakumbuka nilivyolia ile boksi iliyobaki chini ya kitanda. Walifanya vizuri, watoto wa shule walikuwa wanavificha kwenye soksi, sitaki virudi. Ila kiroba cha jero mtu alijinunulia mwenyewe na akalewa kwa hela yake. Saivi ni chupa, bei imesogea, vijana hamna kitu mfukoni na hamu ya kutoka mnayo, matokeo yake mnakaa mnangoja mwenye nazo aseme leteni. Wenzako wanamwita pedeshee wanaona wamemla. Mwanangu, nimekaa upande wa muuzaji, mtu anayelipa meza nzima anakumbuka kila chupa, na mwenye bar anajua amekuja kufuata nini.

Tena nesi alituambia kwenye kikoba, mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wa mwanaume hata mkilingana kilo, kwa hiyo bia mbili zako haziwi sawa na mbili zake. Yeye bado ana akili zake, we umeshaanza kuongea na simu iliyozimwa.

Simaanishi usinywe kabisa, nitakuwa muongo, hata ubatizo wako tulipika mbege mapipa mawili. Kunywa ya kwako. Ukiwa na hela ya bia moja kunywa moja ukae nayo, ikija nyingine mhudumu akasema imetoka meza ile, irudishe, usione aibu, wahudumu wameshazoea. Ifunguliwe ukiona. Nauli ya kurudi iwe kwako wewe, siyo kwenye pochi ya rafiki yako, na usitembee na boom lote, hiyo hela ya bodi, kwenye simu. Kama yule mwenye saa ni mtu wako wa kweli mlete Desemba tumuone, asiyeweza kupanda mpaka huku na hela ya mizinga anayo ana lake jambo.

Nimekutumia elfu thelathini, imetoka kwenye maziwa, siyo ya chakula, ni nauli ya usiku tu, ikae hapo isiguswe. Baba yako hajui, anasema nakudekeza.

Yule mtamba amezaa dume, tumesikitika kidogo. Bati la jikoni limetoboka lile la upande wa kihamba, nangoja zamu yangu ya kikoba mwezi ujao. Bibi anakuulizia, anadhani uko Arusha.

Jumamosi napakia mkungu wa ndizi kwenye basi, namba ya konda nitakutumia, uwahi pale stendi ya Magufuli jioni, usimuachie mtu, mara ya mwisho ulichelewa zikaiva zote njiani. Na hilo nililouliza unijibu kabla ya Jumamosi.

Mama yako