Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Msitu: Turuhusu Tuezeke Kabla ya Theluji

Mheshimiwa Msimamizi,

Kwa heshima ya cheo chako, nakuandikia hadharani baada ya barua tatu za faragha kukosa majibu. Naandika kwa Kiswahili ili wenzangu wa Afrika Mashariki tunaoishi hapa jimbo la Washington, ambao kwa miaka sita wamepanda nami mlimani kila kiangazi kuitunza ile nyumba ya magogo iliyokuwa ya mlinzi wa msitu zamani, wajue imefikwa na nini. Nakala ya Kiingereza umekwisha kupelekewa.

Mwezi uliopita, theluji ilipopungua njiani, tulitembea siku mbili tukakuta nusu ya paa imeporomokea ndani. Kitanda alichokichonga mlinzi wa msitu wa enzi zile kilikuwa kimelowa chepechepe, na gogo la chini la ukuta wa kaskazini, nilipoligusa kwa kidole gumba, lilibonyea kama muhogo uliooza. Niliketi kizingitini nikalia, wala sioni haya kulisema.

Miaka mitatu iliyopita tulikuonyesha mahali vigae vya mbao vilipoanza kuachana, nawe ukatuahidi, mbele ya watu kumi na mmoja, kwamba paa lingeshughulikiwa kabla ya majira ya baridi. Mwerezi mwekundu wa huku hauozi upesi, ndiyo maana wazee waliuchagua. Lakini hakuna gogo linalostahimili maji yanayolitiririkia kutoka juu mwaka baada ya mwaka huku likiwa limelalia udongo wenye unyevu. Paa likienda, kuta hufuata.

Nashuku kwamba ofisi yako inaogopa mahakama. Mwaka 2012 jaji aliamuru kibanda cha kuchungulia moto wa msitu cha Green Mountain, hapa hapa jimboni, kilichojengwa mwaka 1933, kiondolewe, na helikopta zilizotumika kukikarabati zilikuwa sehemu ya kesi hiyo. Lakini mwaka 2014 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukibakiza palepale, na mwaka 2016 jaji mwingine alikubali kwamba ukarabati wa majengo matano ya kale katika milima ya Olympic haukuvunja sheria. Hata Sheria ya Maeneo ya Pori ya mwaka 1964, inayobana ujenzi na mashine katika pori lililohifadhiwa, na ambayo hutajwa kila tunapoomba ruhusa, inatambua kwamba pori laweza kuwa na vitu vyenye thamani ya kihistoria. Wapo wanaoamini kwa moyo safi kwamba pori liachwe limeze kila kilichojengwa na binadamu. Nawaheshimu, ila hawakuwa wao waliotuahidi.

Sisi hatuombi helikopta wala msumeno wa injini. Tuna msumeno wa kuvutwa na watu wawili, tuna mashoka, na tumempata mwenye nyumbu wa mizigo aliyekubali kutubebea vigae bila malipo. Mimi hufanya kazi ya usiku ya kuwatunza wazee, na siku zangu zote za likizo za mwaka huu nimeziweka kwa ajili ya paa hili. Goti langu la kushoto halina tena miaka mingi ya kupanda mlima.

Oktoba theluji huweza kuanza kuanguka kule juu. Nakuomba barua ya ruhusa, ukurasa mmoja wenye sahihi yako, mwezi huu. Ruhusa tu, Mheshimiwa. Kazi tutaifanya sisi.

Wako mwaminifu,
Mjitoleaji wa nyumba ya magogo