Wathamini wa kike walindwe hata katika ofisi ndogo

Mhariri,

Usawa wa kijinsia ukitajwa, mazungumzo huishia kwenye kanuni ya thuluthi mbili ya Katiba ya Kenya ya 2010, kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Mimi naomba tushuke hadi kwenye ofisi zetu za uthamini, zinazokadiria thamani ya nyumba na ardhi. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Ofisi nyingi ninazozijua hapa Mombasa hazifiki idadi hiyo: mthamini aliyesajiliwa, wasaidizi wachache, karani na dereva. Sera hakuna, na sheria haijavunjwa.

Na kazi yenyewe hutupeleka kwenye nyumba tupu. Mlinzi anakufungulia geti Nyali, anakufuata chumba hadi chumba ukipima na kupiga picha, kisha anaanza kukuuliza kama umeolewa. Nilipomweleza mkubwa wangu wa wakati huo, aliniondoa nyanjani akaniketisha ofisini kuchapa ripoti. Kazi zangu akapewa kijana wa kiume. Nimelalamika mimi, nikaadhibiwa mimi! Anayetafuta usajili anahitaji uzoefu wa kukagua majengo, na uzoefu huo haupatikani mezani.

Wateja nao wanaumia. Tulithamini nyumba ya mirathi Majengo, mjane amekaa eda. Wenzangu wa kiume waliishia ukumbini, vya ndani wakavikadiria. Nilipoingia mimi nilikuta uani vyumba viwili vya kupangisha ambavyo hawakuviandika, na ukuta wa jiko umepasuka toka juu hadi chini. Huku kwetu nyumba nyingi zimejengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, kwa hivyo warithi wanagawana jengo tu. Ukilikosea hilo, umewapunja mayatima.

Naiomba Bodi ya Usajili wa Wathamini isiruhusu ofisi yoyote kufundisha wahitimu bila sera iliyoandikwa, hata iwe na watu watatu. Mtu asitumwe peke yake kwenye nyumba tupu. Mama akitoka likizo yake ya uzazi ya miezi mitatu arudishiwe kazi za nyanjani. Na malalamiko yapelekwe kwa Bodi moja kwa moja, kwa sababu katika ofisi ndogo anayelalamikiwa mara nyingi ndiye anayepokea barua.

Mthamini msaidizi,
Kisauni, Mombasa